Kichupa cha Dozi Kumi

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Jumanne tarehe 31 Januari 2023, kipimajoto cha jokofu la chanjo kwenye zahanati ya Nang'ondo, kata ya Mkotokuyana, kilionyesha nyuzi tano. Nesi Scholastika aliiandika tano hiyo kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa jokofu, akatoa kichupa kimoja cha chanjo ya surua na maji yake ya kuchanganyia, akavipanga kwenye sanduku la baridi. Kichupa kimoja kina dozi kumi. Watoto aliokuwa anawafuata walikuwa saba.

Wote saba walikuwa kwenye rejesta yake. Walipata chanjo za miezi ya mwanzo, wakaishia hapo. Mwaka 2020 na 2021 akina mama wengi waliacha kuja kliniki. Wengine waliogopa corona, wengine waliogopa chanjo ya corona, kwa kuwa walikuwa wameambiana sokoni kwamba watoto wachanga wangechomwa kwa siri. Huduma ya mkoba, ambapo nesi huwafuata watoto vijijini na sanduku la baridi, ilisimama kwa miezi tisa. Hayo yalitosha kueleza pengo la miaka hiyo miwili. Hayakueleza pengo la mwaka 2022, wakati akina mama walikuwa wamesharudi kwenye benchi la zahanati.

Aliyeliuliza swali hilo alikuwa Leonard, mratibu wa chanjo, mtu wa sauti ndogo aliyefika kutoka Nachingwea mjini katikati ya mwezi. Alifungua vitabu viwili, akaviweka sambamba mezani.

"Nesi, waliopata chanjo ya surua kwako mwaka jana ni asilimia sitini na moja."

"Ndiyo."

"Na dozi ulizomwaga?"

"Hakuna."

"Mwaka juzi?"

"Hakuna. Miaka mitatu sijamwaga hata moja." Aliwahi kusifiwa kwa hilo kikaoni, mbele ya watu arobaini.

"Basi ulikuwa hufungui vichupa," alisema Leonard.

Chanjo ya surua ni unga. Ukishachanganywa na maji hudumu kwa muda wa saa sita, kisha kinachobaki humwagwa. Kwa hiyo Scholastika alikuwa akisubiri watoto wafike kumi. Wasipofika kumi hadi mchana, aliwaambia akina mama warudi Jumanne inayofuata. Maelekezo ya kufungua kichupa hata kwa mtoto mmoja yalikuwa yamefika zahanati mwaka 2021, na saini yake ilikuwa chini ya ukurasa kuonyesha kwamba ameyasoma.

"Niliyasoma," alimwambia Leonard.

"Ukayafanya nini?"

"Niliyaweka kwenye faili."

Leonard alifunga vitabu. Hakugomba. Aliomba maji ya kunywa, akanywa, akaondoka.

Alhamisi tarehe 26 Januari alipiga simu. Majibu ya maabara yalikuwa yamerudi: mtoto mmoja wa Chinongwe, upande wa wilaya ya Ruangwa, alikuwa na surua, na wawili wa nyumba ya jirani walikuwa na homa na vipele. Familia nyingi za Nang'ondo huvuka kwenda upande huo msimu wa mvua, kwa sababu wana mashamba huko, na hukaa kwenye vibanda hadi palizi iishe. Watoto saba wasio na chanjo ya surua walikuwa huko, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu kutoka nyumba ya wagonjwa.

"Wenzetu wa Ruangwa Jumanne watachanja Chinongwe yenyewe," alisema Leonard. "Wewe chukua wa kwako mashambani. Watoto ni wetu, mashamba ni ya kwao. Tumeshakubaliana."

Mmoja wa wale saba aliitwa Imrani, mwenye miezi ishirini. Mbele ya jina lake, kwenye safu ya maoni, kulikuwa na maneno matatu ya mwandiko wa Scholastika: "Mama hana ushirikiano." Scholastika alirudi nyuma kwenye daftari la mahudhurio. Mama huyo, Zuleha, alikuja tarehe 15 Machi 2022. Siku hiyo watoto wa chanjo ya surua walikuwa wanne. Alikuja tena tarehe 12 Aprili, walikuwa watatu. Alipokelewa saa mbili asubuhi, na saa nane mchana akaambiwa arudi wiki ijayo. Kutoka kwake hadi zahanati ni mwendo wa saa mbili. Baada ya hapo hakuja tena.

Safari ya Jumanne ilikuwa ya pikipiki. Dereva alikuwa Kaimu, bodaboda wa miaka thelathini na nane aliyekuwa akiibebea zahanati mizigo. Njia ilikuwa na tope na waliteremka mara tatu kuisukuma pikipiki. Walifika vibandani saa mbili na nusu.

Kulikuwa na vibanda vitano vya nyasi na bibi mmoja, Mwamini, mama yake Zuleha, aliyekuwa akichambua kunde. Watoto walikuwa wamemzunguka. Scholastika alihesabu wale wadogo: saba.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Wenyewe hawapo."

"Nimekuja kuwachanja watoto surua."

"Watoto hao. Mama zao wako shambani kwa Zuleha, wanalima."

"Kadi zao za kliniki ziko wapi?"

"Zipo ndani, kwenye kopo."

"Basi naweza kuanza."

"Huwezi," alisema Mwamini, bila kuacha kunde. "Mimi nilipewa watoto. Sikupewa ruhusa."

"Bibi, kuna surua Chinongwe."

"Nimesikia. Waambie mama zao."

Shamba lilikuwa mwendo wa dakika ishirini, kwa njia ambayo pikipiki haikuweza kupita. Scholastika alibeba sanduku, Kaimu akabeba mfuko wa sindano. Walikuta wanawake tisa wamejipanga kwa mstari kwenye mahindi yaliyofika magotini, kila mmoja na tuta lake. Zuleha alikuwa mwisho upande wa kulia, kitenge kimefungwa kiunoni. Alimwona nesi, akamaliza tuta alilokuwa nalo, ndipo akanyoosha mgongo.

"Nesi. Umepotea njia?"

"Nimekufuata wewe, mama Imrani. Wewe na wenzako. Nimeleta chanjo ya surua."

"Tuko tisa hapa, na watoto wenyewe ni saba. Kumi hatufiki."

Wanawake wawili walicheka bila kuinua vichwa.

"Leo hatungoji kumi," alisema Scholastika.

"Kichupa kimefunguliwa?"

"Bado."

"Basi hujaja. Fungua kwanza, ndipo tuongee."

Scholastika alipima jambo hilo. Utaratibu ulimtaka afungue pale watoto wanapokuwa mbele yake, na watoto walikuwa vibandani. Kwa upande mwingine, bila mama hakukuwa na mtoto. Alikaa chini ya mkorosho uliokuwa pembeni mwa shamba, akanawa mikono, akavunja kifuniko, akavuta maji, akachanganya. Aliandika saa kwenye lebo na kumwonyesha Zuleha: saa 2:55. Kisha akakirudisha kichupa kwenye baridi.

"Mwisho wake ni saa tisa kasoro dakika tano mchana," alisema. "Baada ya hapo kinamwagwa."

"Vizuri," alisema Zuleha. "Tukimaliza shamba tutakuja." Akainama, akaanza tuta jingine.

Kaimu alimtazama nesi. "Sista, hapa tumeyakanyaga."

Haukuwa ukaidi mtupu, na Scholastika aliyekulia kwenye nyumba ya wakulima alilijua hilo. Wanawake hawa walikuwa wakilimiana kwa zamu: leo kwa Zuleha, kesho kwa mwingine, mpaka mashamba yote tisa yaishe. Anayetoka mstarini kabla shamba halijaisha, siku yake ikifika nao humwachia kazi njiani. Mwenye shamba pekee ndiye awezaye kuwaruhusu watu kuondoka, na akiwaruhusu, siku yake imekwisha. Kilichobaki atakipalilia peke yake. Mvua ilikuwa ikinyesha kila baada ya siku mbili na magugu yalikuwa yakipandana na mahindi. Zuleha hakuwa na mume wa kumsaidia msimu huo. Mumewe alikuwa Mtwara kwa kazi ya ujenzi.

Scholastika alitembea pembeni mwa shamba akihesabu. Matuta yalikuwa tisini na sita. Yaliyolimwa, ishirini na saba, tangu saa moja. Tuta moja lilimchukua mwanamke mmoja dakika arobaini na tatu hivi. Yaliyobaki, sitini na tisa kwa watu tisa, yangeisha saa nane na dakika arobaini, bila mapumziko. Mapumziko ya uji yalikuwa dakika arobaini. Kurudi vibandani dakika ishirini. Jumla ilifika saa tisa na dakika arobaini. Kichupa kingekuwa kimekufa dakika arobaini na tano kabla.

"Uji mnaweza kuuacha leo?" aliuliza.

"Nimewaita watu shambani kwangu nisiwape uji?" alisema Zuleha. "Uniandike na hilo kwenye kitabu chako."

Scholastika alirudia hesabu, sasa akiongeza Kaimu kama mtu mzima mmoja na yeye mwenyewe kama nusu. Kazi ingeisha saa nane na nusu na dakika kadhaa. Bado kulikuwa na dakika ishirini za njia, lakini zilibaki ndani ya muda, kwa shida, kabla ya kuhesabu muda wa kuchanja kwenyewe.

"Kuna majembe ya ziada?"

"Mawili, pale kwenye kichaka," alisema Zuleha. "La kulia mpini umelegea."

"Mimi nililetwa kuendesha," alisema Kaimu.

"Hesabu inakuhitaji."

Scholastika alivua koti jeupe, akalikunja juu ya sanduku, akachukua lenye mpini uliolegea.

Ilikuwa miaka kumi na saba tangu aliposhika jembe mara ya mwisho. Tuta la kwanza lilimchukua dakika tisini na moja, chini ya nusu aliyojikadiria lakini si kwa mbali. Mwanamke aliyekuwa jirani yake, Zaitun, alimtazama kwa muda.

"Nesi, unayakata au unayachanja?"

"Ninayakata."

"Naona unayagusa tu kwa adabu. Hayaumwi hayo, mama. Piga."

"Mwacheni," alisema mwingine. "Anangoja magugu yafike kumi."

Cheko lilipita kwenye mstari wote na kuishia kwa Zuleha, ambaye hakucheka. Scholastika alipiga. Kaimu, ambaye baba yake alikuwa na ekari sita za ufuta, alikuwa amewapita wawili na alikuwa akiombwa taratibu asiwaaibishe wenyeji. Saa tano mkono wa kulia wa Scholastika ulitoka malengelenge mawili. Aliyafunga kwa bandeji na kuandika kwenye daftari idadi ya bandeji, kwa kuwa zilikuwa mali ya zahanati.

Saa sita na dakika kumi waliacha kwa ajili ya uji. Ulikuwa uji wa mtama kwenye ndoo, na vikombe vitano vilivyozunguka. Kabla ya kunywa Scholastika alifungua sanduku akaangalia barafu. Ilikuwa imeyeyuka nusu. Kipimajoto kilisoma nyuzi sita. Zuleha alikuja kukaa mbele yake na kikombe.

"Siku ile ya Aprili," alisema, "nilikaa kwenye benchi lako kuanzia saa mbili. Saa nne nikakuuliza, ukasema bado. Saa sita nikakuuliza, ukasema bado. Mtoto akalia njaa, nikanunua andazi. Saa nane ukatoka ukasema tuko watatu. Mimi kuhesabu hadi tatu naweza tangu saa mbili."

"Ni kweli."

"Ungeniambia saa mbili ningerudi nikalime."

"Nilitegemea wangekuja wengine."

"Na wasipokuja, mwenye kosa mimi niliyekuja."

Scholastika alikunywa uji. "Kwenye rejesta niliandika kwamba huna ushirikiano," alisema. "Rejesta haifutwi. Wiki iliyopita nilikata kwa mstari mmoja na kusaini pembeni."

"Ukaandika nini badala yake?"

"Nesi hakufungua kichupa."

Zuleha alinyoosha mkono, akachukua kikombe cha Scholastika na kukijaza tena kwenye ndoo.

"Dakika ishirini za njia hazitatosha," alisema. "Hilo jembe lako linaturudisha nyuma. Kaimu, nenda kwa mama. Mwambie awalete watoto hapa, na kopo la kadi."

Kaimu alikwenda. Baadaye alieleza kwamba Mwamini alimtaka arudie ujumbe mara mbili, kwa maneno yaleyale, kisha akasema kuwapeleka watoto kwa mama zao hakujawahi kuhitaji ruhusa ya mtu, wangemwambia hivyo tangu asubuhi. Alimtwika Kaimu wawili waliokuwa wazito zaidi. Njia ya dakika ishirini iliwachukua dakika hamsini na tano, kwa sababu mmoja alitaka kutembea mwenyewe na alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu.

Kwa muda ambao Kaimu hakuwepo, mstari ulikuwa pungufu ya mtu mmoja. Scholastika aliliingiza hilo kwenye hesabu na hakuipenda. Saa nane kamili yalikuwa yamebaki matuta kumi na matatu. Zuleha alitazama jua, akatazama sanduku chini ya mkorosho. Watoto walikuwa wamefika na walikuwa wamekaa kwa mstari kwenye kivuli. Imrani alikuwa mgongoni mwa bibi yake.

Alisimika jembe ardhini.

"Yaliyobaki nitayalima mwenyewe kesho jioni," alisema. "Malizeni hayo mliyoyaanza, mwende kwa watoto."

"Siku yako inakwisha hivyo," alisema Zaitun. "Tusije tukasikia maneno."

"Nimesema mimi mwenye shamba."

Walimaliza waliyokuwa wameyaanza. Yalibaki matuta mawili ambayo hayakuguswa kabisa. Zaitun aliyatazama, akasema kwamba hajawahi kuacha shamba la mtu na matuta mawili na hataki kuanza leo, na wanawake watano wakayagawana. Zuleha alimwambia kila mmoja wao aache. Hakuna aliyeacha. Shamba liliisha saa nane na dakika thelathini na tano.

Scholastika alinawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akalivaa koti, akakaa. Alianza na mkubwa wa watoto, akafuata wengine kwa mpangilio wa kadi. Kila mmoja alichukua dakika mbili na nusu: kuangalia kadi, kuangalia ngozi na mdomo, sindano chini ya ngozi ya mkono wa kushoto, kuandika. Sita walilia. Hakuna aliyekuwa na vipele.

Wa saba alikuwa Imrani. Zuleha alikuwa amewaacha wote wamtangulie, na alipokaa kwenye jamvi ilikuwa saa nane na dakika hamsini na moja.

"Ana joto," alisema.

Scholastika aliweka kipimajoto kwapani. Kilisoma thelathini na saba nukta nane.

"Tangu lini?"

"Jana jioni."

"Amekwenda Chinongwe?"

"Hapana. Mama alikwenda Ijumaa, gulioni."

Scholastika aliangalia ndani ya mashavu kwa tochi, nyuma ya masikio, machoni, kifuani. Hakuona kitu. Alisikiliza kifua.

"Joto hili halizuii chanjo," alisema. "Mafua, kikohozi, homa ndogo, vyote havizuii."

"Na kama surua imeshaingia?"

"Kama imeshaingia, chanjo haitaiongeza. Huenda isiizuie pia. Hilo sitakudanganya."

"Kikimwagwa hiki, kingine lini?"

"Kesho kutwa naweza kuja. Kwa hiyo kesho yote anakaa hivi."

Zuleha alimtazama mtoto, akamvua fulana upande wa mkono wa kushoto, akamshika vizuri mapajani. Sindano iliingia saa nane na dakika hamsini na tatu. Imrani alilia kwa sekunde chache, akanyamaza kuangalia kofia ya Kaimu. Scholastika aliandika kwenye kadi, kisha kwenye daftari. Saa nane na dakika hamsini na tano alikitoa kichupa kwenye baridi, akakiweka kwenye boksi la taka, na kwenye safu ya dozi zilizomwagwa akaandika tatu.

"Akitoka vipele au homa ikipanda, usingoje. Nipigie, Kaimu atakuja," alisema. "Dozi ya pili ni baada ya wiki nne. Tarehe 28 Februari."

"Tukiwa wangapi?"

"Ukiwa wewe."

Zuleha alichukua kadi, akaisoma tarehe, akaiweka kwenye kopo.

Scholastika alipiga simu tarehe 2, tarehe 6 na tarehe 13 Februari. Homa ya Imrani ilishuka siku ya pili na vipele havikutoka. Upande wa Chinongwe wagonjwa walifika watano, kisha hawakuongezeka. Tarehe 28 Februari, saa tatu na dakika kumi na moja asubuhi, Zuleha alifika zahanati ya Nang'ondo akiwa amembeba Imrani. Hapakuwa na mtoto mwingine. Kichupa kilifunguliwa saa tatu na robo.